Samira Kalishwa na Nani? Wahusika wa "Adnan na Lina" katika Sebule Moja ya Wadi Kabir

Muulize Mwomani yeyote aliyekuwa mtoto katika miaka ya 1980: Adnan na Lina ni nani? Hatakuuliza Adnan yupi. Atacheka, ataanza kuuvumisha wimbo wa mwanzo, kisha atakuonyesha namna Adnan alivyokuwa akining'inia kwa vidole vya miguu. Tumewajaribu wajomba zetu, mama zetu, dereva mmoja wa teksi wa Ruwi na mhadhiri mmoja ambaye hatutamtaja (mwenyewe anajijua). Wote walifanya yaleyale, na mhadhiri ndiye aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sisi tumekulia na katuni nyingine. Tulizitazama kwenye simu, kila mtu na kichwa chake ndani ya blanketi. Kwa hiyo mhariri alipotuomba tuandike juu ya wahusika wa kisa cha ajabu cha Kijapani, alitarajia tumletee Naruto. Tumemletea katuni ya mama zetu badala yake, kwa sababu hiyo ndiyo katuni pekee tunayoijua ambayo iliwahi kusimuliwa kwa Kiswahili, kila wiki, katika nyumba za Maskati, na wakalimani wa miaka minane.

Kwanza kisa chenyewe, kwa wasiokijua. Kwa Kijapani kinaitwa Mirai Shōnen Conan, yaani Conan, kijana wa wakati ujao. Kilianza kuonyeshwa na shirika la NHK tarehe 4 Aprili 1978, na kina sehemu 26. Aliyekiongoza ni Hayao Miyazaki, miaka saba kabla ya kuanzishwa Studio Ghibli mwaka 1985. Asili yake ni riwaya ya Mmarekani, Alexander Key, The Incredible Tide, iliyotoka mwaka 1970, ingawa Miyazaki aliigeuza sana. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikatiwa sauti za Kiarabu fasaha huko Kuwait, na taasisi ileile ya pamoja ya nchi za Ghuba iliyotengeneza Iftah Ya Simsim. Kutoka hapo kikaingia katika televisheni za Ghuba yote.

Dunia ya kisa hiki imeshaharibika. Julai 2008 palitokea vita vya silaha za sumaku zenye nguvu kuliko nyuklia, mhimili wa dunia ukapinda, mabara yakapasuka na kuzama. (Julai 2008 hiyo wengi wetu tulikuwa na miaka miwili au mitatu, na hatukumbuki kuzama.) Imepita miaka ishirini. Waliobaki wametawanyika katika visiwa. Pana mji wa chuma unaoitwa Industria, ambao Waarabu waliupa jina la Al-Qal'a, Ngome. Na pana kisiwa cha wakulima na wavuvi, High Harbor, ambacho kwa Kiarabu kikawa Ardh al-Amal, Ardhi ya Matumaini. Ngome inataka siri ya nishati ya jua. Anayeijua ni mzee mmoja, na mzee huyo ana mjukuu, Lina. Hapo ndipo mkasa unapoanza.

Wahusika walibatizwa upya njiani. Conan akawa Adnan, Lana akawa Lina, Jimsy akawa Absi. Nahodha Dyce akawa Namiq, Monsley akawa Samira, Lepka akawa Allam, na Dk. Lao, babu yake Lina, akawa Dk. Rami. Yalikuwa majina mazuri, yaliyochaguliwa na watu wenye masikio. Adnan ni jina la mzee ambaye Waarabu wa kaskazini wanajinasibisha naye, na Absi linamkumbusha msomaji wa fasihi kabila la Abs, kabila la Antara, mshairi shujaa ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi. Kama waliotia sauti walilifikiria hilo au walipenda tu mlio wa jina, sisi kwa upande wetu tumelipenda.

Lakini katika nyumba tunayotaka kuielezea palikuwa na ubatizo wa tatu. Nyumba hiyo iko Wadi Kabir, nyuma ya gereji, upande ambao milima imekaribia mpaka unaona kama imeegemea matangi ya maji ya juu ya paa. Ijumaa huwezi kupata pa kuegesha gari kwa sababu ya soko la magari yaliyotumika. Ni nyumba ya bibi wa mmoja wetu. Bibi alizaliwa Unguja, akaolewa Unguja, na akaja Maskati katikati ya miaka ya 1970 pamoja na mumewe na watoto wanne, wakati ambapo Sultani Qaboos, aliyeshika utawala mwaka 1970, alikuwa amewaita Waomani wa nje warudi kuijenga nchi. "Warudi" ndilo neno lililotumika. Bibi hakuwahi kufika Omani kabla ya siku ile aliyorudi.

Kiarabu chake, anasema mwenyewe, kilikuwa cha sala na cha salamu. Watoto wakaingizwa skuli, wakajifunza kila kitu kwa Kiarabu, na jioni walikaa mbele ya televisheni. Bibi alikaa nyuma yao akishona kofia. Alikuwa na swali moja tu, na mpaka leo watoto wake wanaigiza namna alivyokuwa akiliuliza bila ya kuinua macho kwenye sindano: "Anasemaje huyo?"

Mkalimani wa kwanza alikuwa mtoto wa kiume, mkubwa. Huyo alifukuzwa kazi haraka kwa sababu tafsiri yake ya kila jambo ilikuwa "Wanapigana." Kazi ikaenda kwa dada yake, ambaye sasa ndiye mama wa mwenzetu na wakati ule alikuwa na miaka minane. Huyu alisimulia kila kitu, pamoja na mambo ambayo hayakusemwa.

Kwa hiyo Bibi ana "Adnan na Lina" yake. Muhula uliopita tulimwomba aisimulie, na tukamrekodi kwa simu kwa ridhaa yake. Siku nyingine tukamrekodi mama, peke yake. Kisha kwa Alhamisi kadhaa usiku tukazitazama tena baadhi ya sehemu sote pamoja, kahawa katikati na mandazi pembeni, na safari hii wakalimani tulikuwa sisi. Yanayofuata ni wahusika kama walivyotokea katika sebule hiyo. Wahadhiri wetu wametufundisha kuwagawa wahusika kuwa bapa, duara na shinda, nasi tutayatumia maneno hayo pale yanapofaa. Bibi naye ana mgawanyo wake: mwenye adabu, asiye na adabu, na "maskini ya Mungu".

Adnan tutampitia haraka, na mashabiki watusamehe. Kwa Bibi aliitwa Kijana wa Miguu. Anaweza kukamata bawa la ndege inayoruka kwa vidole vya miguu, anapambana na papa, anaruka kutoka juu ya mnara akiwa amempakata Lina na kutua wima, miguu inamtetemeka kidogo, basi. Sauti yake ya Kijapani ni ya mwanamke, Noriko Ohara, yuleyule aliyekuwa sauti ya Nobita katika Doraemon kuanzia mwaka 1979. Kwa istilahi za darasani Adnan ni bapa, kwani tangu sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho ni yuleyule. Hapunguzi ukarimu wala haongezi hekima. Yeye ni uzi tu, na wengine ndio shanga. Tulipomwambia Bibi hivyo alikasirika. "Bapa ni nini? Huyo mtoto kalelewa na babu." Kwake hiyo ni sifa inayotosha, na pia ni maelezo ya kwa nini Adnan hagombei chakula na kwa nini anasalimia watu wazima.

Huyo babu anaonekana katika sehemu mbili za mwanzo tu, na katika orodha nyingi za wahusika utamkuta chini kabisa, kama akitajwa. Yeye na wenzake walijaribu kuikimbia dunia kwa roketi wakati wa vita, roketi ikashindwa, ikaanguka kwenye kisiwa kidogo. Wenzake wakafa mmoja mmoja. Akabaki na mtoto mmoja, Adnan, ambaye mpaka anakutana na Lina pwani hajapata kuona binadamu mwingine ila babu yake. Ngome inapokuja kumnyakua Lina, mzee anaumia vibaya, na kabla ya kufa anamwambia mjukuu asibaki pale. Aende akaishi na watu.

Mama alipofika hapo katika kurekodi alinyamaza kidogo. Alituambia kwamba siku ile ya kwanza, akiwa na miaka minane, hakuitafsiri. Alimwambia mama yake kwamba mzee kachoka, kalala. Bibi aliendelea kushona, kisha akasema, "Nimemwona, mwanangu. Usinifiche." Babake Bibi alibaki Unguja walipoondoka, na habari ya kifo chake ilikuja kwa barua, wiki nyingi baada ya maziko. Mtoto alilijua hilo. Ndiyo maana alimlaza mzee badala ya kumuua. Tumesoma darasani kwamba mkalimani hatakiwi kuongeza wala kupunguza.

Kuhusu Lina tulikuwa na ubishi. Wengi wetu, hasa wasichana, tulimwona mzigo: anatekwa, anaokolewa, anatekwa tena, nywele zake hazivurugiki. Anachoweza ni kuzungumza na babu yake kwa moyo tu, wakiwa mbali mbali, na kuelewana na ndege mmoja wa baharini anayemfuata. Bibi alitusikiliza, akatwambia tumrudishie pale Adnan alipofungwa pingu za chuma na kunaswa na sumaku chini ya maji. Lina anazama mara moja, mara ya pili, anampelekea pumzi. "Nani kambeba mwenziwe hapo?" Hatukuwa na jibu. Aliongeza kwamba mtoto aliyetekwa mara tatu na bado hajasema siri ya babu yake si mzigo, ni jabari. Tumeliandika neno hilo ubaoni katika chumba cha chama, na hatulifuti.

Sasa Absi. Hapa hapana ubishi, kila nyumba inampenda Absi. Adnan anamkuta katika kisiwa cha pili akiwa anaishi peke yake porini, anawinda vyura na mijusi na kuvibadilisha kwa tumbaku ya mabaharia. Ndiyo, mtoto anavuta, na hiyo ni katuni ya watoto. Miaka ya 1970 ilikuwa na mambo yake. Wanashindana kukimbia, kupanda, kurusha, na mwisho wa siku ni marafiki wa kufa na kuzikana. Sisi kwa Kiswahili chetu cha kuungaunga tulisema Absi "anapenda chakula sana". Bibi alisema ni mroho. Mama akasema hapana, ni mlafi. Wakabishana mbele yetu, na katika ubishi huo tukapata somo zima la semantiki. Mlafi anakula kingi, alisema mama, na anaweza akawa mtu mwema. Mroho, alisema Bibi, jicho lake liko kwenye sahani ya mwenziwe hata kama yake imejaa. Basi Absi ni yupi? Tulitazama tena. Mwanzo anakula kwa kunyakua, mkono mmoja mdomoni na mwingine unalinda. Baadaye, huko Ardhi ya Matumaini, ambako mtu hali mpaka alime, anaanza kugawa. Aliingia mroho akatoka mlafi. Sasa huyo ndiye mhusika anayebadilika, na hakuna aliyempigia tarumbeta.

Pana nguruwe. Absi anafuga kinguruwe na anamwita Umaso, neno la Kijapani la kitu kinachoonekana kitamu kuliwa, kwa hiyo jina lenyewe ni tishio. Hatujasahau kwamba hii ni katuni iliyoingia majumbani kwetu saa za jioni. Tulipomuuliza Bibi alifanyaje, alisema kila kinguruwe kilipotokea yeye alikwenda jikoni kutazama chai. "Yule nilimwambia akae hukohuko kwenye kioo."

Namiq ni nahodha, na neno hilo peke yake lilimpa heshima asiyostahili katika nyumba ya watu wa Unguja. Bibi amekulia akiona majahazi ya Ghuba yakija Bandarini na upepo wa kaskazi na kuondoka na kusi, manahodha anawajua. Alimpima Namiq kwa kipimo hicho na akampata na upungufu. Chombo chake, Barracuda, kinakusanya takataka za plastiki za dunia ya zamani na kuzipeleka Ngome, ambako zinageuzwa kuwa mafuta na hata mkate. (Bibi alipotafsiriwa habari ya mkate wa plastiki aliuliza kama wanapaka siagi.) Namiq ndiye aliyemteka Lina kwa amri ya Ngome kabla kisa hakijaanza, ndipo mtoto akatoroka na kutupwa na bahari kwenye kisiwa cha Adnan. Kisha anampenda Lina kama mwanawe, au anadai hivyo, kisha anageuka, kisha anageuka tena. Ni mtu wa kucheka, mwongo, mpenda sifa, na ukimhitaji kweli anakuja, akiwa amechelewa. Darasani tungemwita shinda, nusu duara na nusu bapa. Neno hilo ni la maji: ndoo shinda ni ndoo isiyojaa. Linamfaa kabisa.

Tumemfikia Samira, na hapa tunaomba nafasi.

Samira ni afisa wa Ngome. Ndiye anayeshuka kwenye ndege pale kisiwani kuja kumchukua Lina, ndiye anayeongoza meli ya kivita kwenda kuishambulia Ardhi ya Matumaini. Ana nywele fupi, anatoa amri, haogopi mtu. Mama alimchukia. Watoto wote wa mtaa walimchukia, na wasichana waliocheza "Adnan na Lina" uwanjani walipigana ili wasiwe Samira. Katika kusimulia kwake, mama alikuwa na tafsiri moja ya kudumu kwa kila Samira alichosema: "Anatukana." Miezi kadhaa, wiki baada ya wiki, mwanamke anahutubia kwa Kiarabu fasaha kilichopangika, na mtoto anamwambia mama yake, anatukana.

Bibi kwa hivyo alimjua Samira kwa macho tu, bila ya neno lake hata moja. Na hivi ndivyo alivyotusimulia kabla hatujatazama tena: "Yule mwanamke alikuwa na jambo. Hakuwa mbaya. Alikuwa kama mtu aliyefunzwa ubaya na mwenyewe hajui kuupenda." Tulimuuliza kalijuaje. Akasema, "Nilikuwa najiuliza tu, huyu kalishwa na nani?"

Swali hilo limetushughulisha muhula mzima. Kwa sababu jibu limo ndani ya kisa, na ndilo lile ambalo mama hakulitafsiri. Baada ya meli ya kivita kuharibiwa na wimbi kuu, baada ya Samira kushindwa na kujikuta miongoni mwa watu aliokuja kuwavamia, pana kumbukumbu ya utotoni mwake. Alikuwa mtoto wakati wa vita. Alikuwa na wazazi, na alikuwa na mbwa. Bahari ikaja ikachukua vyote. Yeye alikuwa miongoni mwa watoto waliosalimika, na akakulia katika Ngome. Ngome ilimlisha, basi aliitumikia Ngome. Wala haikuwa lazima awe katili. Ilitosha kuwa na shukurani.

Alhamisi ile tuliitafsiri sehemu hiyo neno kwa neno, kwa zamu, maana Kiswahili cha kila mmoja wetu kilikatika mahali pake. Ilipokwisha Bibi alikaa kimya. Kisha akamgeukia mwanawe, mtu mzima mwenye watoto wake chuoni, akamwambia: "Miaka arubaini umenificha haya."

"Nilikuwa na miaka minane, mama," akajibu. "Sikumpenda."

"Hukuwa wa kumpenda wewe. Ulikuwa wa kuniambia."

Sisi tulitazama mazulia. Lakini hakuna aliyekasirika kweli. Baada ya kitambo walicheka, na mama akakiri kwamba hata angetaka asingeweza, kwa kuwa Kiarabu kile cha Samira kilikuwa kikubwa kuliko yeye.

Twende kwenye neno. Samira anaiacha Ngome. Allam anataka auawe kama msaliti, na wanaomwokoa ni walewale aliokuwa akiwawinda. Katika rasimu yetu ya kwanza tuliandika kwamba Samira "alibadilisha upande". Mhadhiri wetu alilipigia mstari, akasema hilo ni Kiingereza kilichovaa kanga. Tukajaribu "alisaliti", lakini hilo ni neno la Allam. Tukajaribu "alitubu", likawa la msikitini mno. Tulipomuuliza Bibi hakufikiri hata kidogo. "Samira karudi."

Karudi wapi, na hakuwahi kufika huko? Mmoja wetu alimuuliza hivyo hasa. Bibi alimtazama kama mtu anayetazama kitoto. "Kwa watu," alisema.

Hapa ndipo chama kiligawanyika, na mpaka tunaandika haya hakijaungana. Kundi moja linasema neno "kurudi" linamsafisha Samira kwa urahisi mno, kwamba mtu aliyeingiza bunduki katika kijiji cha watu hawezi tu "kurudi", lazima kwanza aulizwe. Kundi la pili linasema kisa chenyewe kimemuuliza, ndiyo maana kinamweka chini ya ulinzi wa watu wale, kula chakula chao, kuona nyumba alizozivunja. Sisi waandishi tuko kundi la pili, ila tunakubali jambo moja la kundi la kwanza: Bibi analipenda neno hilo kwa sababu zake. Naye pia aliambiwa anarudi mahali ambapo hakuwahi kufika. Na miaka mingi baadaye, sokoni na hospitali, aliitwa Mzinjibari na watu waliomsikia akizungumza.

Samira anaolewa na Namiq katika sehemu ya mwisho, juu ya meli, na watu wanashangilia. Sebule haikushangilia. "Yule?" alisema Bibi. "Hana hata nyumba, ana chombo." Mama alimkumbusha kwamba hata marehemu babu hakuwa na nyumba walipooana. Bibi akasema hayo ni mengine.

Kuhusu Allam tuna machache. Ni bapa-sugu wa kitabuni: anataka kutawala, anazidi kutaka kutawala, na anakwenda chini na ndege yake kubwa. Sauti yake ya Kiarabu ndiyo iliyowafukuza watoto wa kizazi kizima chini ya makochi. Lakini hata yeye kapata hukumu ambayo hatukuitegemea. Katika Ngome watu wamepangwa kwa madaraja, na wasiotii wanatupwa chini ya ardhi na kutiwa alama kwenye kipaji cha uso. Hilo Bibi hakuhitaji kutafsiriwa. Alisema anaweza kumsamehe mwenye kupigana, na mwenye kutaka mali pia anaweza kumfahamu. "Lakini mtu hutiwa chapa kama gunia la karafuu?" Tangu hapo katika kumbukumbu zake Allam hana jina, ni Yule wa Chapa.

Tofauti kati ya rekodi mbili, ya Bibi na ya mama, ni kubwa kuliko tulivyofikiri. Ya mama imejaa mbio, mapigano na Absi. Ya Bibi imejaa nani kamlisha nani, nani kamzika nani, nani kalala wapi. Kwa mama mhusika mkuu ni Adnan. Kwa Bibi, tukihesabu dakika alizozitumia, ni babu yake Adnan, kisha Samira, kisha wale wa chini ya ardhi. Wote wawili walitazama kioo kimoja, jioni zilezile, mmoja akiwa na maneno na mwingine akiwa hana. Tunazihifadhi rekodi hizo katika maktaba ya chama, na mwenye kutaka kuzisikiliza amwone katibu.

Sehemu ya mwisho tuliitazama mwezi uliopita. Ngome imezama, na Adnan na wenzake wanasafiri kukirudia kile kisiwa kidogo alichozaliwa. Wanakikuta si kidogo tena. Ardhi imeinuka kutoka baharini na imekuwa nchi kubwa, na kile kilichokuwa kisiwa kizima sasa ni kilele tu. Watoto wanashangilia, muziki unapanda, majina ya Kijapani yanaanza kupita.

"Na kaburi la babu yake?" aliuliza Bibi.

Tulitazamana. Mama ndiye aliyejibu, haraka, kwa sauti ya mkalimani: liko kulekule juu, mama, hakuna maji yaliyolifikia. Bibi alimtazama kwa muda, akaiokota kofia yake, akatafuta sindano ilipokuwa. Kisha akatuuliza nani kati yetu aliyemaliza mandazi.